K Moja Haitoshi Kuandika Kuku

Kila mchezaji wa Scrabble anaijua ile baridi ya kuvuta Q ukiwa huna U. Q ina alama 10, lakini usipopata pa kuiweka itakukalia kama deni la Fuliza hadi mchezo uishe, kisha hizo 10 zikatwe kwenye zako. Ndiyo maana wachezaji wanaojua kazi yao hukariri orodha ya maneno ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U. Nakupa machache, bure: QI, SUQ, QADI, WAQF, TALAQ, NIQAB, QIBLA, FAQIR. Yote yamo kwenye orodha ya Collins, ile inayotumika katika mashindano ya kimataifa.

Sasa yasome tena polepole, kwa sauti ya mtu wa Mombasa. SUQ ni soko. QADI ni kadhi, yule yule ambaye mahakama yake imetajwa kwenye Katiba ya Kenya ya 2010. WAQF ni wakfu. TALAQ ni talaka. NIQAB ni nikabu, QIBLA ni kibla, FAQIR ni fakiri. Ukiondoa QI iliyotoka China, hayo yote ni maneno ya Kiarabu ambayo nyanya wa Kibokoni anayatumia tangu utotoni, bila kamusi na bila programu ya simu. Halafu msee wa Nairobi anayakariri usiku kucha kama dawa chungu, kwa sababu ameambiwa hicho ni Kiingereza kigumu, na anayekijua ana akili.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Mchezo wenyewe naupenda. Naucheza kwenye simu nikiwa kwa matatu, nikiwa kwa foleni, nikiwa nasubiri mteja alipe. Sina shida hata na wale wanaoingiza herufi zao saba kwenye intaneti na kuletewa maneno yote yanayowezekana. Shida yangu ni imani tuliyoijenga juu ya mchezo huu: kwamba kutafuta maneno ya Kiingereza ndani ya rundo la herufi ni kipimo cha akili, na kwamba lugha nyingine, hasa zetu, hazifai kwa michezo ya kichwa. Imani hiyo ni uongo, na uongo wenyewe unaweza kuhesabiwa herufi kwa herufi.

Tuanze na akili. Mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa. Kifaransa hakijui. Alikariri maneno kwa muda wa wiki 9 hivi, akaenda Ubelgiji, akawapiga wenye lugha yao. Mwaka 2024 akafanya vile vile kwa Kihispania, jijini Granada. Huyu mtu hawezi kuagiza chai Paris bila kuonyesha kwa kidole, lakini ndiye bingwa. Kwake maneno ni maumbo. Hayana maana, hayana lafudhi, hayana mwalimu anayekunja uso.

Mwaka huo huo wa 2015, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Yeye na wenzake wa Nigeria walijulikana kwa mbinu moja ambayo wengi waliidharau. Badala ya kukimbilia maneno marefu ya kupigiwa makofi, waliweka mafupi, ya herufi tano hivi, wakafunga ubao na kulinda herufi zao nzuri. Hiyo ni hesabu na subira. Mtu anayecheza bao pale pwani angeielewa mara moja. Sasa niambie, katika hadithi hizi mbili, ule "ufasaha wa Kiingereza" tunaopigiwa kelele tangu darasa la kwanza uko wapi?

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nimezoea kupimwa. Miaka miwili iliyopita niliitwa mahojiano ya kazi ya kuandika matangazo ya bidhaa. Matangazo ya Kiswahili, tafadhali kumbuka hilo. Tulipoketi tukapewa karatasi yenye herufi zilizochanganywa na dakika 10: unda maneno ya Kiingereza mengi uwezavyo. Hakukuwa na swali hata moja la Kiswahili. Hakuna aliyetaka kujua kama tunaweza kutofautisha "sabuni inayooshwa" na "sabuni inayoosha". Nilipouliza, mmoja wao akanijibu kwa upole kabisa, ati hiyo ndiyo njia ya kupima akili kwa jumla. Kazi sikupata. Tangazo lao lilipotoka baadaye barabarani, ngeli zilikuwa zimepigana hadi zikaumizana.

Usifikiri hilo ni jambo la ofisi moja. Ni kile kibao cha shule kimebadilisha sura tu. Wengi wetu tulivaa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekwisha kuandika habari za adhabu hiyo mwaka 1986, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Siku hizi hatuvishwi tena. Tunajivisha wenyewe kila asubuhi, tunapoweka kwenye status ile miraba ya kijani na njano kuonyesha tumepata neno la leo kwa majaribio matatu.

Hebu tuiangalie hiyo miraba. Wordle ilifunguliwa kwa umma mwaka 2021, na Januari 2022 The New York Times ikainunua. Aliyeiunda ni Josh Wardle, na aliiundia mpenzi wake. Kiingereza kina maneno ya herufi tano kama 12,000 hivi, mengi yakiwa ya ajabu. Basi mpenzi wake akayapitia, akachagua yale aliyoyajua, wakabaki na kama 2,500. Hayo ndiyo yaliyokuwa majibu. Yaani dunia nzima ilikuwa ikiamka kukisia maneno ambayo mtu mmoja wa Brooklyn anayajua! Sisemi hivyo kumdharau; nadhani ni zawadi nzuri sana ya mapenzi. Nasema tu uijue orodha ilitoka wapi kabla hujajiita mjinga kwa kukosa neno.

Januari 2022 jibu likawa FAVOR, na Februari likawa HUMOR. Waingereza wakapandwa na mori, maana kwao maneno hayo yana U ndani. Mkenya naye alifunzwa tahajia ya Uingereza kwa kalamu nyekundu. Ungeandika "favor" kwenye insha ya darasa la saba, mwalimu angelikata. Miaka inapita, simu yako inakuambia kwamba kosa la mwalimu wako ndilo jibu sahihi. Kumbe usahihi wote ule uliotutoa machozi ulikuwa uamuzi wa mtu, na mtu mwingine mahali pengine aliamua tofauti.

Hili ndilo ninalotaka ukumbuke hata ukisahau mengine yote: anayeandika orodha ndiye anayeamua neno ni nini. Mchezaji anatafuta tu ndani ya kapu alilopewa.

Na wenye kapu hawana aibu. Fungua orodha ya Collins utakuta MATATU. Utakuta UGALI, UHURU, HARAMBEE, UJAMAA, MZEE, KIKOI na KANZU. Hawakutuandikia barua kuomba ruhusa. Wameyachukua, wakayapachika S kwa nyuma, na sasa MATATUS ni halali, UGALIS ni halali, MZEES pia. Umewahi kula ugalis? Haidhuru. Ukiyaweka ubaoni unapata alama.

Kuna kichekesho kingine kwenye maneno ya herufi mbili, ambayo ni zaidi ya 120 na ambayo kila mchezaji wa mashindano lazima ayajue. NA inakubaliwa. YA inakubaliwa. LA, ZA na PA zinakubaliwa. Kwa Kiingereza chao NA ni "hapana" ya watu wa Scotland, ZA ni pitsa kwa lugha ya vijana wa Marekani, LA ni sauti ya muziki, PA ni baba. Lakini ukiweka WA, mpinzani wako atakupinga na utaondoa vipande vyako. Fikiria hilo. Kitabu cha watu huko mbali kinaruhusu "ya" na kukataza "wa", na sisi tunakariri tofauti hiyo kwa bidii ambayo hatukuwahi kuitoa kwa ngeli.

Vile vile orodha hubadilika kila wenyewe wanapotaka. OK, neno ambalo dunia yote inalitumia, liliingia Collins mwaka 2019 tu. Mwaka 2021 Mattel, wenye haki za mchezo huu nje ya Marekani na Kanada, waliondoa mamia ya maneno ya matusi na ubaguzi. Uamuzi ulikuwa mzuri au mbaya, hilo jadilianeni wenyewe. Ninachokiona mimi ni kwamba Kiingereza kina watu wanaoketi mezani kukifanyia kazi: kuongeza, kupunguza, kukopa, kukubali lugha ya mtaani. Sheng ikifanya vitu hivyo hivyo tunaitwa wavivu, wavurugaji wa lugha.

Sasa tuje kwetu. Nimesikia mara nyingi kwamba Scrabble ya Kiswahili "haiwezekani". Jaribu kucheza Kiswahili kwa vipande vya Kiingereza na utadhani ni kweli. Seti ina vipande 100: herufi 98 na vipande vitupu viwili vinavyoweza kuwa herufi yoyote. K ni moja tu. Huwezi kuandika KUKU bila kutumia kipande kitupu. KAKA ni hivyo hivyo. Ukitaka KIKOKOTOO unamaliza K yote ya dunia na vipande vitupu vyote viwili, na mwenzako hatapata hata kiki. Kwa upande mwingine kuna C mbili ambazo Kiswahili hakizihitaji isipokuwa kwenye "ch", na Q na X ambazo hakizihitaji kabisa.

Chukua methali ambayo kila mtoto anaijua: haba na haba hujaza kibaba. Hesabu. Ina herufi 22, na A ni 9. Seti nzima ya Kiingereza ina A 9. Methali moja imemaliza zote! Inataka B nne wakati zilizopo ni mbili, na H tatu wakati zilizopo ni mbili. E, ambayo seti imeiwekea vipande 12, haijaguswa hata mara moja.

Kwa hivyo Kiswahili hakijashindwa na mchezo. Vipande ndivyo vilivyokatwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Tena kipimo chenyewe hakikushuka kutoka mbinguni. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930, aliketi na magazeti kama The New York Times akahesabu herufi zinazojitokeza zaidi. Inayoonekana sana ikapata vipande vingi na alama chache. Ya nadra ikapata kipande kimoja na alama nyingi. S akaiweka nne tu makusudi, kwa sababu kwa Kiingereza S hufanya wingi, na zingekuwa nyingi mchezo ungekuwa rahisi mno. K ina alama 5 kwa sababu gazeti la New York halikuwa na K nyingi. Butts angechukua Taifa Leo, K ingekuwa ya alama moja.

Mtu asiye na kazi, gazeti na kalamu. Kwani sisi tumekosa kipi kati ya hivyo vitatu?

Kuna pingamizi la maana kidogo, na nitalijibu. Wanasema Kiswahili hushikanisha viambishi hadi neno linakuwa sentensi: nitakupikia, hawakutupikia, waliopikiwa. Mchezo utaisha lini? Lakini Kituruki na Kifini hushikanisha hivyo hivyo, na Scrabble ya Kituruki ipo, ya Kifini ipo. Wanasema tuna "ch" na "sh" na "ng'", herufi mbili zenye sauti moja. Wahispania waliweka CH kwenye kipande kimoja na maisha yakaendelea. Haya ni mambo ya watu kukubaliana. Mimi ningeanza hivi: nomino na sifa, umoja na wingi, ndani. Vitenzi na minyambuliko yake, yaani pika, pikia, pikwa, pikisha, pikiana, ndani. "Ku" ya kitenzi ndani. Viambishi vya nafsi na wakati, nje. Kama hupendi, leta yako tubishane. Hayo mabishano yenyewe ndiyo kazi ambayo haijafanywa.

Ukianza kucheza hivyo utagundua kitu kitamu. Kiingereza hukua kwa mkia: unaongeza S, unaongeza ED. Kiswahili hukua kwa kichwa. Mwenzako ameweka LIMA. Weka M mbele upate MLIMA, au KI upate KILIMA, au MKU upate MKULIMA. PAKA inapata M na kuwa MPAKA. LANGO inakuwa MLANGO. Macho lazima yajifunze kuangalia upande mwingine wa neno. Na kama ungetaka kuunda Wordle ya Kiswahili, ungegundua haraka kwamba karibu kila neno letu huishia na irabu, kwa hivyo herufi ya mwisho ina majibu matano tu. Ungelazimika kuongeza urefu wa neno au kupunguza majaribio. Yaani ungelazimika kuijua lugha yako kwa undani, jinsi inavyojengwa. Hiyo ndiyo akili ambayo karatasi ya wale wa mahojiano haikuwa na nafasi ya kuiandika.

Najua utaniuliza: buda, watu hawana kodi ya nyumba, wewe unalia na vipande vya plastiki? Swali halali. Lakini orodha ya maneno si mchezo tu. Kibodi ya simu inayokupigia mstari mwekundu chini ya "tutaonana" kana kwamba umetukana, inafanya hivyo kwa sababu orodha yake haikupata "tutaonana". Programu ya kusahihisha tahajia huanzia na orodha. Ukitaka kuunda mchezo wa watoto wa Kiswahili na kuuuza, utaanza na orodha. Kamusi tunazo: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili 2015. Ni kazi kubwa za watu wakubwa. Ila kamusi hukuambia "pika" ni nini. Haikuamulii kama "pikiana" inapata alama. Mtu lazima aketi aamue, kisha aiachie orodha bure kila mtu aitumie. Asipofanya mmoja wetu, kampuni ya mbali itafanya, na tutaambiwa kwa lugha yetu wenyewe kwamba "ya" ni neno na "wa" si neno.

Na Kiswahili cha nani? Chote. Collins huweka Kiingereza cha Scotland, cha Marekani na cha India kwenye kapu moja bila kuzimia. Yetu ikae na ya Unguja, ya Mombasa, ya Lubumbashi, na Sheng nayo ipewe kiti. Kama pitsa inaweza kuwa ZA, basi mathree inaweza kuwa mathree.

Tangu UNESCO itangaze siku ya Kiswahili duniani, kila tarehe 7 Julai tunapata hotuba, na mwenye hotuba akimaliza anageukia simu yake kuongea Kiingereza. Mwaka huu usingoje hotuba. Chukua katoni ya maziwa, mkasi na kalamu ya wino mzito. Kata vipande 100. Mimi naanza na A 18, I 11, U 9 na K 7, halafu nitarekebisha kadiri mchezo unavyonifunza. Ita wenzako watatu, na mwenye neno la ubishi alitetee mbele ya wote. Mkikubali, liandikeni kwenye daftari. Daftari likijaa mtakuwa na orodha.

Q na X mzitupe kwa jiko.